Historia ya Taita Haikuanza na Reli

Wasee wa Voi, mkiulizwa historia ya hapa kwetu mnaanzia wapi? Najua. Reli ikafika, simba wa Tsavo wakala watu, halafu 1916 Waingereza na Wajerumani wakapigana Salaita kule karibu na Taveta. Basi, kengele imelia, twende chai.

Mimi nasema tumeruka sura ya kwanza, na hiyo ndiyo imeamua zingine zote.

Skia. Ganda la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika mabamba makubwa yanayosonga polepole, milimita au sentimita chache tu kwa mwaka. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, vipande vya mabara viligongana, na hapa kwetu ndipo palipokuwa katikati ya ajali. Miamba ikasukumwa chini sana, ikapikwa kwa joto, ikakandamizwa mpaka ikageuka kitu kingine kabisa. Ukipanda Vuria leo, mita 2,208 juu ya bahari, unakanyaga mwamba huo uliopikwa. Sagalla na Kasigau ni ndugu zake.

Ndani ya hilo jiko ndimo yalimotengenezwa mawe ya kijani ambayo watu wetu wanachimba. Jiwe lenyewe lilipatikana kwanza Tanzania mwaka 1967, halafu huku Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaanza kuliuza kwa jina la tsavoraiti. Yaani jina la Tsavo yetu liko kwenye vidole vya matajiri ambao pengine hawajui Voi iko wapi.

Sasa mambo yamegeuka. Badala ya kugongana, Afrika inapasuka. Bamba la Somalia linajivuta kuelekea mashariki, na ndiyo maana tuna Bonde la Ufa. Sisi tuko mbali kidogo na bonde lenyewe, lakini moto wa chini ulitufikia pia. Kilimanjaro ni volkano. Ziwa Chala, pale mpakani Taveta, limejaa ndani ya kreta. Uwanda wa Yatta ni lava iliyotiririka karibu kilomita 300. Na ile lava nyeusi ya Shetani, Tsavo Magharibi, ilimwagika karne chache tu zilizopita.

Hata vita vya 1916 vilifuata ardhi. Majeshi yalipigania Taveta kwa sababu pale ndipo penye mwanya, kati ya Kilimanjaro na milima ya Pare. Jenerali anaweza kupanga anavyotaka, lakini mlima ulishapanga kabla yake.

Haya, tufike kwa kile kinachoniuma. Mvua ikinyesha vilima vya Chyulu, haikai juu. Ile miamba ya volkano ina matundu, maji yanazama, yanapita chini kwa chini na kutokea Mzima yakiwa safi kama kioo. Tangu miaka ya 1950 bomba la Mzima linapeleka maji Mombasa, likipita huku kwetu. Na bado Voi unaona mitungi ya njano ikipanga foleni, mkokoteni nao unapandisha bei.

Sisemi Mombasa wanyimwe, hao pia ni watu wetu na kiu haina kabila. Nasema hivi: ardhi hii ilitumia mamilioni ya miaka kutuwekea mawe na maji. Kuamua nani anafaidika, hilo si kazi ya mabamba. Hilo ni kazi yetu, na hatuhitaji miaka milioni kulifanya.

Kwa hivyo mwanasiasa akija na kofia za bure, usimuulize historia ya reli. Muulize kuhusu mawe na maji. Akikwama, mwambie aanze na sura ya kwanza.