Díoltas ni kisasi, si "malipo ya damu"

Kamati moja ya istilahi imeamua kwamba neno la Kiayalandi díoltas liitwe "malipo ya damu". Niliwaandikia kupinga, sikujibiwa. Sasa naandika hadharani.

Kosa lao limetokana na díol, kitenzi chenye maana ya kuuza au kulipa. Wameona herufi nne zinafanana, wakadhani ndiyo asili. Laiti wangetazama tahajia ya zamani! Kabla ya mageuzi ya karne ya 20 neno hili liliandikwa díoghaltas, na nyuma yake kuna dígal la Kiayalandi cha kale. Humo mna gal: ushujaa, ghadhabu ya mpiganaji. Kitenzi chake, do-fich, kimejengwa juu ya fich-, kupigana, ambacho ni ndugu wa vincere la Kilatini, yaani kushinda. Wawelisi nao wana dial, kwa maana ya kisasi. Katika ukoo huu wote hamna mfuko wa fedha.

Malipo yana neno lake huko, nalo ni éraic. Katika sheria za kale za Ayalandi, aliyeua mtu huru alitozwa cumal 7. Cumal ni mjakazi, jina lililogeuka kipimo cha thamani. Éraic hiyo ndiyo dia yetu. Katika hadithi ya wana wa Tuireann, Lugh anawadai éraic kwa kumuua Cian, baba yake, naye anawapangia madai ya kuwaangamiza. Wanayatimiza yote, wanarudi na majeraha, naye anakataa kuwaponya. Amepokea éraic, na díoltas ameitimiza. Msomaji wa tafsiri ya kamati ataonaje tofauti hiyo, ikiwa yote mawili ni malipo?

Wapo wanaosema kisasi, kwa kuwa asili yake ni qisas ya Kiarabu, ni adhabu ya kisheria yenye kipimo. Kwa mafakihi, ndiyo. Lakini katika Kiswahili cha kila siku neno hilo lilishatoka mahakamani zamani: mtu huweka kisasi moyoni miaka mingi, na anapokitimiza hapimi. Hiyo ndiyo gal.

Kwa matumizi: díoltas ni kisasi, éraic ni dia. Wahariri mnaochapa hadithi za Ayalandi, futeni "malipo ya damu" kabla halijaingia kwenye kamusi.