Mzigo na Utulivu katika Njia ya Unyanyembe

Katika Kiswahili, kutua ni kuweka mzigo chini, na katika neno hilo twapata kutulia, kutuliza na utulivu. Wapagazi wa Unyamwezi hawakuhitaji mwalimu wa kuwaonyesha nasaba ya maneno hayo. Mtu aliyepagaa ratli 60 au 70 toka alfajiri hata jua la mchana aliijua maana yake begani mwake.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya bara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine Karema, nyingine kaskazini kwenye Ziwa Nyanza. Pembe na watumwa walishuka pwani, na nguo na shanga zilipanda bara. Hata jina la Bagamoyo watu hulieleza kwa namna mbili. Wako wasemao kwamba mpagazi alibwaga moyo kwa kuwa safari imekwisha. Na wako wasemao kwamba mtumwa aliubwaga moyo wake pale, asiione tena nchi yake.

Twaitaja njia hii kwa sababu ya mafundisho tunayoyasikia mara nyingi, pengine katika vinywa vyetu wenyewe, kwamba mtu akimwamini Mungu kweli, shida humtoka. Na shida zisipomtoka, imani yake ni haba. Katika sura ya kumi na moja ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu aliwaita wenye mizigo akawaahidi raha. Lakini papo hapo aliwapa nira waichukue. Basi na tutazame watu wawili waliopita katika njia hii, tuone raha hiyo ni raha gani.

Wa kwanza ni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyetekwa utumwani angali mtoto, akaokolewa na Waingereza, akapelekwa Bara Hindi kusoma katika shule ya misheni karibu na Nasik. Mwezi wa Agosti 1872 alifika Unyanyembe pamoja na watu waliotumwa kumtumikia Dokta Livingstone, aliyekuwa akingoja katika tembe la Kwihara. Wakaondoka naye kwenda kusini. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Moyo wake wakauzika chini ya mti. Hapakuwa na kasisi, na wengi wa wale watu hawakuwa Wakristo. Jacob, kijana ambaye hakuwa amewekewa mikono na askofu ye yote, akafungua kitabu akasoma sala za maziko, kisha akachonga jina la marehemu juu ya mti. Mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakaupagaa kuelekea pwani, wakiongozwa na Susi na Chuma.

Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike pale. Ushauri huo ulikuwa na sababu, maana safari iliyobaki ilikuwa ndefu, na watu wa nchi nyingi waliogopa maiti ipitishwe kwao. Wangeweza kutua, wala hakuna mtu ambaye angewalaumu. Wakakataa. Walipofika Kasekera wakazuiwa njiani, nao wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma wenzao wayarudishe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Jacob akaufuata mwili hata Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster, London.

Kama habari ingeishia hapo, tungesema kwamba mzigo ulitua na thawabu ikapatikana. Lakini Jacob alirudi Afrika, na sifa za London hazikumjengea nyumba. Nchi ya Wayao haikuwa kwake tena. Alifariki mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora, kwenye misheni ya London Missionary Society, katika njia ile ile iliyomlemea ujanani. Miaka sita baadaye, mwaka 1898, kazi ya Urambo ikapokewa na Wamoravian.

Wa pili ni Adrian Atiman. Huyu alizaliwa mbali sana, upande wa Timbuktu, akatekwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta. Alisafiri kwa miguu toka pwani kwenda bara, na mwaka 1889 alifika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Akawa mganga na katekista hapo hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Mwanawe Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Adrian hakurudi kwao. Lakini katika nchi ambayo utumwa haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1922, mtu aliyepata kuuzwa sokoni alikaa akifunga vidonda vya wengine.

Basi raha waliyoipata ni ipi? Mzigo mmoja ulitoka kwao, nao ni ule wa kuwa mali ya mtu. Mingine ilibaki: ugeni, kupotewa na jamaa, na kazi isiyokwisha. Twaona kwamba Mungu hakuwaondoa njiani. Alifuatana nao njiani. Ndiyo maana Jacob aliweza kusoma sala mwituni pasipo kasisi, na Adrian aliweza kupafanya kwao mahali pasipokuwa kwao. Utulivu wao ulikuwa ni kujua wanamchukulia nani mzigo, na nani yu pamoja nao.

Kwa hiyo sisi walimu tuangalie tunapomfikia mjane au mgonjwa. Tukimwambia kwamba angaliamini zaidi asingaliumwa, tumemwongezea frasila juu ya mzigo wake. Mpagazi aliyechoka hakuambiwa na wenzake kwamba mzigo haupo. Mwenzake alishika upande mmoja, akamsaidia kujitwika, nao wakaendelea pamoja. Na sisi tufanye hivyo: kwanza tushike upande wetu, ndipo tuseme habari za Bwana.