Kondoa 1979: ng'ombe walipohamishwa kwa ajili ya udongo

Wasikilizaji wetu, na zaidi ninyi jamaa mlioacha malisho Masisi, leo tunakwenda Kondoa, katikati ya Tanzania. Mwaka wa 1979 serikali ya kule iliamuru mifugo yote, karibu vichwa 90,000, itoke katika eneo la zaidi ya kilometa mraba 1,200. Hapakuwa na vita. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walitolewa kwa sababu ya udongo.

Vilima vya Irangi vilikuwa vimechimbika vibaya. Makorongo mekundu yalikata malisho, na mchanga ukafunika mashamba ya bondeni. Waingereza walikuwa wamejaribu kwa matuta na kwa amri, kama vile Wabelgiji walivyowalazimisha wazee wetu wa Kivu kuchimba mitaro milimani. (Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, wengi waliiacha mitaro hiyo. Iliwakumbusha kazi ya lazima.) Mwaka wa 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi, na miaka sita baadaye amri ikatoka.

Lakini nani anajua kilima gani kiko hatarini, na kwa kosa la nani? Mwaka wa 1965, huko Marekani, Wischmeier na Smith walitoa hesabu ambayo inatumika hata leo. Unazidisha nguvu ya mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, majani yanayofunika ardhi, na kazi ya kuzuia maji. Siku hizi kompyuta inachukua picha za satelite, inapiga hesabu hiyo kilima kwa kilima, na kupaka rangi nyekundu penye hatari. Kwa mfugaji, neno kubwa humo ni majani. Mvua na mteremko hawezi kuvibadilisha.

Ila hesabu hiyo ilizaliwa kwenye vipande vidogo vya shamba, vya urefu wa mita 22 hivi. Inapima udongo unaochukuliwa juu juu, haihesabu makorongo. Na kila mchungaji anajua korongo linaanzia wapi: kwenye njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wanapopita mmoja nyuma ya mwingine kila siku, na mvua ikija inafuata njia ileile.

Tena ramani haisemi jeraha lilianza lini. Baadaye wataalamu walipima umri wa udongo uliolundikana chini ya vilima vya Kondoa. Wakakuta kwamba sehemu yake iliteremka maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo ng'ombe walibeba na deni lisilo lao, ingawa, na hilo tuseme wazi, walipotoka majani na miti vilirudi kwa haraka.

Waliolipa ni wenye mifugo. Mwenye ndugu nje ya eneo alimpelekea ng'ombe wake, wengine wakauza. Maziwa yakakosekana nyumbani, mbolea vilevile. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe walianza kuruhusiwa tena, wachache, wakifungwa zizini. Majani wanakatiwa na kuletewa kichwani, na mara nyingi anayeyabeba ni mama wa nyumba.