Gita Libaki, Tarumbeta Liende

Mwaka 1959 Iddi Nhende, mzaliwa wa Nzega aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alianzisha bendi ya Western Jazz. Bendi mpya haiwezi kupiga bila vyombo, na vyombo vya kwanza vya Western Jazz vilinunuliwa kutoka kwa Dar es Salaam Jazz Band, bendi kongwe iliyokuwa ikiwachezesha watu wa mji huo tangu 1932. Muda si mrefu Western Jazz, wenye mtindo wa saboso na gita la Wema Abdallah, wakawa miongoni mwa bendi zilizotamba Tanzania katika miaka ya 1960.

Habari hii husimuliwa kama mwanzo wa bendi moja, lakini kila anayenunua chombo kilichotumika ana mwenzake aliyekubali kukiachia. Historia ya muziki wa dansi na taarabu katika Afrika Mashariki imejaa mauziano ya namna hiyo. Mara nyingi yalifanyika mfuko ulipokuwa mtupu, na sauti iliyosikika ukumbini miaka iliyofuata ilitegemea chombo kipi kilibaki na kipi kiliondoka. Ilitegemea pia nani alikuwa na haki ya kukata shauri.

Vyombo vya kupuliza ndivyo vilivyotangulia kuwa na hadhi kubwa. Huko Zanzibar sultani alikuwa na bendi yake ya Wagoa iliyopiga matarumbeta hadharani. Karibu na Mombasa, kwenye makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa Freretown mwaka 1875, wamisionari walifundisha vijana kupuliza. Wanajeshi wa King's African Rifles nao walikuwa na bendi zao. Kutokana na mambo hayo ilizaliwa ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Beni ilianzia miji ya pwani, Lamu na Mombasa, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaitawanya bara pamoja na askari na wapagazi. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, sare na mashindano makali.

Mashindano hayo yalikula fedha. Chama kilichotaka kuwashinda wapinzani kilihitaji ngoma kubwa, sare za kung'aa na mapembe ya shaba, na wanachama ndio waliochanga. Asiyeweza kupata tarumbeta la dukani alitumia mabuyu na vifaa vya kujitengenezea. Chombo cha shaba kilikuwa alama kwamba chama kina watu na kina mali, hivyo kukiuza kulikuwa sawa na kutangaza mbele ya mji mzima kwamba chama kimeshindwa.

Taarabu ilifuata njia yake. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza qanun. Chombo hicho cha ubao hulazwa mapajani na kuchezwa kwa vidole, na kina nyuzi zaidi ya 70. Mwaka 1905 vijana wa Unguja waliunda Nadi Ikhwan Safaa, klabu ambayo vyombo vyake viliagizwa kutoka Misri. Klabu hiyo imepita katika utawala wa sultani, ukoloni wa Waingereza, Mapinduzi ya 1964 na miaka ambayo ilijulikana kwa jina la Malindi. Bado ipo.

Uhai huo mrefu una sababu nyingi, na mojawapo ni namna klabu zilivyomiliki vitu vyake. Katika klabu ya taarabu chombo ni mali ya wanachama. Mpiga udi akifariki au akihamia Mombasa, udi hubaki ukutani ukimngoja kijana mwingine. Hakuna mtu mmoja anayeamka asubuhi na deni la kodi ya nyumba akachukua fidla ya klabu akaipeleka sokoni. Shauri la kuuza lingepaswa kupita katika kikao, mbele ya wazee ambao michango yao ndiyo iliyokinunua chombo hicho.

Katika dansi mambo yalikuwa tofauti. Bendi za mwanzo nazo ziliishi kama vyama, na watu wa asili moja au mtaa mmoja walichangiana. Lakini gita la umeme lilipoingia kwa nguvu katika miaka ya 1950 na 1960, gharama zikabadilika. Gita hilo halitoi sauti ya kujaza ukumbi bila amplifaya na spika. Mwimbaji anahitaji maikrofoni, na mahali pasipo na umeme panahitaji jenereta. Kijana wa mtaani aliweza kuunda gita la kopo na kulifunga nyaya za breki za baiskeli akajifunza kupiga. Hakuweza kuunda amplifaya. Hapo ndipo mwenye vyombo, mtu au shirika, alipopata nguvu kubwa kuliko mtunzi, mwimbaji au mpiga solo.

Hesabu ya nini kiuzwe fedha zinapokosekana ina ugumu wake, na kila aliyewahi kuendesha bendi anaujua. Chombo kinachopata mnunuzi haraka ni kile ambacho kila bendi inakihitaji: gita la solo, besi, amplifaya nzuri. Ukikiuza, fedha unazipata leo na Jumamosi huna onyesho. Kile ambacho bendi inaweza kuishi bila kuwa nacho, kama saksafoni ambayo mpulizaji wake ameshahama, ndicho kisicho na wanunuzi wengi. Saksafoni inataka matete yanayochakaa na kuagizwa ng'ambo, na inataka mtu aliyejifunza kwa miaka. Qanun ni zaidi ya hapo, kwa kuwa wapigaji wake katika mji mzima hawawi wengi. Kwa hiyo muuzaji hujikuta akiachia kwa bei ya kutupa chombo kilichokuwa kigumu zaidi kukipata, au akiachia kwa bei nzuri chombo kinachomlisha.

Baada ya uhuru, serikali na mashirika ya umma ya Tanzania yaliliondoa swali hilo mikononi mwa wanamuziki. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz Band, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Wengine walifuata mfano huo. Vijana wa chama tawala, TANU, wakawa na Vijana Jazz, polisi na majeshi wakawa na bendi zao, na mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Shirika la bima likawa na Bima Lee, na kule Iringa kampuni ya kuchonga almasi ikawa na Tancut Almasi. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi ilianzisha Mlimani Park Orchestra, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Mpango huo ulileta neema ambayo haijaonekana tena. Bendi iliweza kuwa na waimbaji wanne au watano, magita matatu, besi, dramu, tumba, na safu nzima ya matarumbeta na saksafoni, kwa sababu mshahara haukutegemea kiingilio cha mlangoni peke yake. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kusikika nchi nzima. Mwanamuziki alipata pensheni au angalau matumaini ya pensheni. Alichokosa ni chombo chake mwenyewe: akiacha kazi aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu.

Kisha ukaja ukame wa fedha. Vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda vya 1978 na 1979 viliacha hazina ya taifa ikiwa hoi, na fedha za kigeni zikaadimika. Nchi iliyokuwa ikikosa vipuri vya malori na dawa za hospitali isingeweza kutanguliza nyuzi za gita. Chombo kilichoharibika kilitengenezwa na fundi wa redio mtaani, au kilikaa. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikaporomoka. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 17, na kufikia mwisho wa 1990 ilikaribia 200. Amplifaya ya dola 500 iliyokuwa ikigharimu shilingi 8,500 ikawa inagharimu shilingi 100,000, na mshahara wa mpiga besi haukupanda kwa kasi hiyo.

Katika hali hiyo mtu binafsi mwenye vyombo vizima alikuwa kama mwenye kisima. Mfanyabiashara Hugo Kisima alimiliki Orchestra Safari Sound. Mwaka 1985 aliivunja na kuunda International Orchestra Safari Sound, akiwachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo mwimbaji na mtunzi Muhidin Maalim Gurumo na mpiga gita Abel Balthazar. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye aliiongoza Super Matimila. Jina la Matimila lilikuwa la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Remmy alipopanda majukwaa ya tamasha la WOMAD mwaka 1988, na albamu yake ilipotolewa na kampuni ya Real World mwaka uliofuata, wasikilizaji wa Ulaya walikuwa wakitamka jina la mtu ambaye hakuimba hata neno moja.

Wenye bendi hao wanastahili haki yao katika historia. Bila fedha zao, nyimbo nyingi zinazopendwa hadi leo zisingepigwa. Walibeba hasara ya chombo kilichoungua na ya mvua iliyofukuza watu ukumbini. Lakini mwenye bendi akichoka, akifilisika au akigombana na kiongozi wake wa muziki, aliweza kufunga vyombo ndani ya stoo na bendi ikafa siku hiyo hiyo. Wanamuziki hawakuulizwa kipi kiuzwe kwanza.

Miaka ya 1990 ilizibana pande zote. Serikali ilianza kuuza mashirika yake, na shirika linalopunguza wafanyakazi viwandani halina sababu ya kuwabakiza wapiga tumba. Bendi za mashirika zikafa moja baada ya nyingine. Zilizoanza baadaye zilipanga hesabu upya. Kinanda cha umeme kimoja kinaweza kuiga sauti ya tarumbeta, ya fidla na ya akodiani, na kinapigwa na mtu mmoja anayelipwa ujira mmoja. Safu ya wapulizaji wanne ni vyombo vinne, nauli nne na midomo minne.

Umaskini haukuwa sababu pekee. Kinshasa ilikuwa imeshaonyesha njia: Zaiko Langa Langa, iliyoanza mwishoni mwa 1969, ilijenga muziki wake juu ya magita, sauti na ngoma bila wapulizaji, na vijana wa Afrika Mashariki waliupenda. Kwa hiyo African Stars wa Twanga Pepeta, chini ya Asha Baraka, walipoiteka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, hawakuwa na matarumbeta, na wachezaji wao hawakuyadai. Taarabu ya kisasa ya vikundi kama Tanzania One Theatre, kilichoundwa mwaka 1992, nayo iliegemea kinanda na gita, ikawaacha nje wapigaji wengi wa fidla ambao okestra ya zamani isingekamilika bila wao.

Hapa panahitaji kusemwa wazi kwamba kitu kilipotea. Tarumbeta lililouzwa lingeweza kununuliwa tena, lakini mwalimu wa tarumbeta asiye na mwanafunzi hazai mpulizaji mwingine. Ndiyo maana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kina umuhimu unaopita ukubwa wake: kinafundisha udi na qanun kwa vijana ambao familia zao zisingeweza kununua vyombo hivyo. Na ndiyo maana Msondo na Sikinde, warithi wa NUTA na Mlimani Park, wanastahili heshima kwa kuendelea kuwalipa wapulizaji wakati hesabu za biashara ziliwashauri vinginevyo.

Maisha ya Gurumo yanaonyesha gharama za mfumo mzima. Aliimba NUTA tangu 1964, akahamia Mlimani Park mwaka 1978, akaenda kwa Kisima mwaka 1985, kisha akarudi kwenye bendi ya chama cha wafanyakazi. Kote huko alisimama mbele ya vyombo vya watu wengine. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, kijana wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimzawadia gari. Nchi ilishangilia zawadi hiyo, na wengi wakauliza kwa uchungu imekuwaje mtunzi wa nyimbo zinazojulikana na kila mtu alihitaji kuzawadiwa. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Mpiga gita mwenye gita lake, shida ikimkaba, angalau ana kitu cha kuuza. Mtunzi ana wimbo, na kwa muda mrefu wimbo haukuhesabiwa kuwa mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyozaa chama cha hakimiliki cha Tanzania, COSOTA, ilikuja wakati sehemu kubwa ya nyimbo za dansi zilikuwa zimesharekodiwa kwenye kanda za redio ya taifa na watunzi wengi walikuwa wazee au marehemu. Nyimbo hizo bado hupigwa redioni, kwenye mabasi na kwenye harusi. Kuhakikisha kwamba malipo yake yanawafikia walioimba, au wajane na watoto wao, ni kazi iliyo mikononi mwa watu walio hai leo.