Moto Uliopigana na Mvua ya Mawe

Msomaji, bila shaka umepata kuona fataki zikipasuka angani usiku, ukastaajabia rangi zake. Rangi hizo hazitokei kwa bahati. Fundi huzichagua kabla ya kuwasha moto: chumvi za strontiamu hutoa nyekundu, za bariamu kijani, za shaba buluu. Akitia unga wa magnesiamu, mwanga huwa mweupe na mkali. Lakini hana budi kuupima, maana ukizidi huififiza rangi. Basi kanuni ni moja: moto hutoa kile ulichotiwa.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, kanuni hiyo ilitumiwa kwa kazi isiyo ya sherehe. Huko upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya vilima, na mvua ya mawe huanguka mara nyingi kuliko karibu popote duniani. Kwa dakika chache yale majani mawili na chipukizi, ambayo ndiyo mavuno, huchanwachanwa. Mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani. Yakiharibika, ujira wake nao hupungua.

Katika miaka ya 1960 wataalamu walijaribu kwanza roketi za kupasukia mawinguni. Baadaye ndege zilibeba fataki zilizotiwa iodidi ya fedha. Mwanga wa fataki hizo haukuwa na kazi. Kilichotakiwa ni moshi wake. Mwaka 1946 Mmarekani Bernard Vonnegut alikuwa amegundua kwamba chembe za iodidi hiyo hufanana na barafu kwa umbo, hata maji baridi ya wingu huganda juu yake. Ilitumainiwa kwamba chembe nyingi zingegawana maji, mawe yawe madogo, yayeyuke kabla ya kufika shambani.

Je, moto huo ulishinda? Wingu likipita bila mawe, nani ajuaye kama lingeyaleta lilipoachwa? Huko Colorado, Marekani, kuanzia 1972 hadi 1974, siku za kutia moshi zilichaguliwa kwa kura, kisha zikalinganishwa na siku zilizoachwa. Haikuonekana kwamba mawe yalipungua.

Kwa hiyo, msomaji, ukumbuke tofauti hii. Rangi ya fataki huhukumiwa na jicho papo hapo. Bali moshi uliotumwa kuokoa chai huhukumiwa kwa hesabu ya miaka, iliyofanywa kwa uaminifu.