Jamaa Aliyepigana Vita Darini Huku Kifua Kikimsumbua

Wadau, leo turudi nyuma kidogo. Ni majira ya baridi, mwishoni mwa 1881, mji wa Davos, Uswisi. Jamaa mmoja Mskoti, umri miaka 31, kifua kinamsumbua vibaya, amekuja milimani kufuata hewa safi. Yuko na mkewe na mtoto wa kambo, dogo wa miaka 13.

Sasa baba mgonjwa na dogo asiye damu yake watashinda wakifanya nini kwenye baridi ile?

Wakapanda darini. Dari lenyewe fupi hata kusimama shida, baridi mpaka vidole vinakataa kushika kitu. Wakachora ramani sakafuni kwa chaki za rangi: milima, mito, miji, barabara. Wakapanga askari wadogo wa kuchezea, mmoja jenerali upande huu, mwingine upande ule. Kete zikarushwa, rula zikapima mwendo wa majeshi.

Mpaka hapo ni mchezo tu. Utamu uko hapa: jamaa akaanza kuandika habari za vita ile kama mwandishi wa magazeti ya kubuni, Glendarule Times na Yallobally Record. Majenerali wakapondwa humo kama makocha wa siku hizi!

Unaona kilichobadilika? Askari akianguka bila stori, unamsimamisha mnaanza upya. Ukiweka stori, kipigo cha leo kinakufuata kesho. Daraja ulilopoteza linakuuma, maana lina jina na gazeti limeshakuchamba.

Jamaa mwenyewe ni Robert Louis Stevenson, yule wa Treasure Island, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Kisiwa Chenye Hazina. Nayo ilianzia kwenye ramani ya mchezo na dogo huyohuyo, Lloyd Osbourne, mwaka 1881 huohuo.

Miaka mingi baadaye, Marekani, wacheza vita vya mezani wakaanza kumpa kila mchezaji mhusika mmoja mwenye maisha yake, na 1974 ikatoka Dungeons & Dragons.

Stevenson alifariki 1894. Miaka minne baadaye, Lloyd alizichapisha zile habari za vita vya darini. Alikuwa mtu mzima, mwandishi kamili. Magemu mangapi umecheza ukasahau? Yeye la baba yake wa kambo hakulisahau.

Wewe ulicheza na nani utotoni, na stori yenu ilikuwaje?