Mbwa wa babu hakuwa amevunjika mguu

Haya wadau, nimepotea hapa karibu wiki tatu, samahanini sana. Wanaosoma na mimi wanajua sababu: test mbili mfululizo, halafu kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilikuwa mimi na mwenzangu mmoja tu (wengine mnajijua!). Nimekula msuli mpaka macho yakawa mekundu. Sasa nimepumua kidogo, na leo nawaletea historia. Msikimbie, hakuna mtihani mwishoni.

Yote yameanzia kwenye picha. Likizo iliyopita nilipokwenda nyumbani Mufindi, bibi alinipa picha ndogo ya zamani, nyeusi na nyeupe, imekunjika kona. Babu amesimama kwenye nyasi, kaptura ya kaki, pekupeku, ameshika kamba ndefu. Mbele yake yuko mbwa mweupe mwenye mabaka, masikio yameanguka, mkia umenyooka kama fimbo, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani. Nyuma ya picha kuna mwandiko wa wino wa bluu: "Duke, 1956". Basi, hakuna kingine.

Niliporudi chuo nikawaonyesha wenzangu chumbani. Mmoja akasema maskini, mbwa kavunjika mguu. Mwingine, ambaye anasoma udaktari wa mifugo na anapenda tujue hivyo, akasema itakuwa mwiba, au fundo la goti limevimba. Tukabishana nusu saa. Mwisho nikampigia bibi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hakuna mwiba, mjukuu wangu. Huyo kaona kwale."

Kumbe babu yangu, ambaye mimi nilijua tu kwamba "alifanya kazi kwa mzungu", kazi yake ilikuwa kulea na kufundisha mbwa wa kuwindia ndege. Tangu siku hiyo kila nikiingia maktaba kutafuta mambo ya malisho ya ng'ombe najikuta nasoma habari za mbwa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mbwa wa aina hii Waingereza humwita pointa, na ndugu yake mwenye manyoya marefu ni seta. Kazi yake ni moja. Anakimbia mbele ya mwindaji kwa kukata kushoto na kulia, pua ikiwa kwenye upepo. Akinusa ndege aliyejificha, harukii wala habweki. Anaganda. Mwili wote unakuwa jiwe, pua imeelekea kwa ndege, mara nyingi na mguu juu kwa sababu amegandia katikati ya hatua. Anabaki hivyo mpaka mtu afike.

Wenye mashaka watazame paka anapomwona mjusi. Mnyama anayenyemelea hutua kidogo kabla ya kurukia. Binadamu walichofanya ni kuchagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa ambao utuo wao ni mrefu kuliko wa wenzao, mpaka ukawa ndio tabia yenyewe. Mtoto wa pointa wa miezi miwili anaweza kugandia bawa la ndege lililofungwa kwenye fimbo kabla hajafundishwa chochote. Ila anaganda kidogo tu, halafu anarukia. Kwa hiyo ugumu wa kazi ya mfunzaji uko kwenye kumzuia asirukie. Asirukie ndege anapopaa, asirukie bunduki inapolia, na akimwona mwenzake ameganda, naye asimame nyuma yake kwa heshima hata kama yeye hajanusa kitu. Hili la mwisho linanishangaza mpaka leo. Kuna wanafunzi hapa chuoni hawawezi kukaa kimya mwenzao anapojibu swali darasani, lakini mbwa anaweza!

Sasa turudi nyuma. Kabla ya bunduki kulikuwa na wavu. Mwaka 1570 daktari mmoja wa Kiingereza, John Caius (chuo kimoja cha Cambridge kina jina lake hadi leo), aliandika kitabu kwa Kilatini juu ya mbwa wa Uingereza. Humo anamweleza mbwa ambaye akinusa ndege huenda kwa tumbo polepole kama mdudu, kisha hulala chini. Mwindaji huja na wavu na kuufunika juu ya ndege. Ndiyo maana ya jina seta, mbwa anayejilaza. Mwaka 1576 kitabu kikatolewa kwa Kiingereza na Abraham Fleming.

Sehemu iliyonikamata zaidi inakuja baada ya hapo. Mwaka 1671 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wanyama wa kuwinda. Mwenye haki ya kuwinda alikuwa, kwa kifupi, mwenye ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa kawaida hakukiota. Na walinzi wa mabwanyenye wakapewa mamlaka ya kupekua nyumba za wasiostahili na kuchukua bunduki, nyavu na mbwa wao. Mbwa wa kulala mbele ya ndege ametajwa humo kabisa! Yaani kuwa na mbwa mwenye kipaji, wewe ukiwa maskini, ilikuwa ushahidi wa kosa. Sharti hilo la mali lilikuja kufutwa mwaka 1831, miaka 160 baadaye. Niliposoma hapo nikamkumbuka babu ameshika ile kamba. Ningependa kujua kama naye angeweza kutembea na mbwa yule kijijini siku ya Jumapili bila kuulizwa maswali.

Pointa mwenyewe asili yake kubwa inatajwa kuwa Hispania, na masimulizi ya kawaida ni kwamba askari wa Kiingereza walirudi nao baada ya vita iliyomalizwa na mkataba wa Utrecht mwaka 1713. Wakati huo watu walikuwa wameanza kumpiga ndege akiwa anaruka. Bunduki zao zilijazwa kupitia mdomoni: unamwaga baruti, unashindilia, unaweka risasi za chembechembe, unashindilia tena. Ukishafyatua, mbwa mwenye papara akikimbia mbele anafukuza ndege wote waliobaki huku wewe bado unahangaika na kijiti. Ndipo thamani ya mbwa anayetulia ilipopanda. Utulivu wake ulikuwa hitaji la mashine mbovu, naweza kusema hivyo.

Halafu mashine ikaboreshwa, na mbwa akakosa kazi. Kuanzia miaka ya 1850 bunduki za kujaziwa nyuma zikaenea Uingereza. Matajiri wakaanza mtindo wa kusimama mahali pamoja huku vijana wa vijijini wakifukuza ndege kuelekea kwao. Na mashambani, mashine za kuvuna zikaacha mabua mafupi kuliko mundu ulivyoacha, kwa hiyo kwale hakuwa na pa kujificha. Akisikia mbwa anakimbia badala ya kulala. Pointa akabaki kama mpiga chapa wa taipureta baada ya kompyuta kuingia.

Tazameni sasa tarehe. Onyesho la kwanza la mbwa lenye majaji na zawadi kwa mtindo tunaoujua lilifanyika Newcastle upon Tyne mwezi Juni 1859, na lilikuwa la pointa na seta peke yao, mbwa 60 hivi. Zawadi zilikuwa bunduki kutoka kwa fundi bunduki W. R. Pape. Hapa nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikaangaliwa vibaya: zawadi ya seta ilikwenda kwa mbwa wa jaji wa pointa, na zawadi ya pointa ikaenda kwa mbwa wa jaji wa seta. He he! Tusidhani mambo haya yalizaliwa kwetu.

Lakini kumtazama mbwa akiwa amesimama hakukuambii kama ana pua. Wenye akili wakaona hivyo, na tarehe 18 Aprili 1865 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kazi yenyewe, huko Southill, Bedfordshire, kwenye ardhi ya Samuel Whitbread. Mbwa walipewa alama kwa jinsi walivyotafuta ndege. Marekani walifuata mwaka 1874 karibu na Memphis. Maoni yangu ni haya: mashindano yalianza wakati ule ule kazi ilipokuwa inakwisha. Mbwa alipokuwa chombo cha kupata kitoweo hakuna aliyehitaji kumpa kikombe.

Wamarekani ndio waliolifanya jambo hili kuwa kubwa kweli. Kule kusini kulikuwa na kware wengi, ndege mdogo tu, na mashamba mapana yaliyokuwa ya pamba. Mashindano yao ya kitaifa yalianza mwaka 1896, na tangu 1915 yanafanyika shamba la Ames, Grand Junction, Tennessee. Mbwa wanashindana wawili wawili kwa saa tatu nzima, majaji na waongozaji wakiwa juu ya farasi. Ndege hauawi, anarushwa, bastola ya baruti tupu inalizwa, na mbwa anatakiwa abaki kama alivyo. Saa tatu jamani. Mbwa akikimbia hivyo anapata joto upesi, maana jasho lake halimpozi kama letu, anategemea ulimi na kuhema. Kwa hiyo maji hubebwa, nyayo hukaguliwa, na mbegu za nyasi hutolewa masikioni kabla hazijapenya ndani.

Katika mashindano hayo mwongozaji huwa na msaidizi anayeitwa skauti. Huyu anapanda farasi na kumtafuta mbwa akipotea vichakani, kwa sababu huenda ameganda mahali mbele ya ndege na hatatoka mpaka aonekane. Bila skauti mzuri mbwa bingwa anaweza kushindwa huku akiwa anafanya kazi yake barabara. Katika mashamba ya kware ya Georgia, Alabama na majirani zao, kazi hiyo, pamoja na kulea watoto wa mbwa, kuwafundisha na kuendesha mikokoteni ya nyumbu, ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wamarekani Weusi, enzi za ubaguzi wa kisheria na baada yake. Matokeo yalipochapishwa kulikuwa na jina la mbwa, jina la mwenye mbwa na jina la mwongozaji. Skauti mara nyingi hakuwa na nafasi yake.

"Duke, 1956."

Nisiwe mnafiki lakini. Hapa hapa Morogoro tunaishi jirani na APOPO, wale wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya Magawa alizaliwa hapa mwaka 2013, akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Jina lake ninalijua mimi, mnalijua ninyi, analijua mtoto wa dada yangu wa darasa la tatu. Watu waliokaa naye asubuhi baada ya asubuhi wakibonyeza kile kidude cha kulia "tik" na kumpa ndizi, sijui hata mmoja, na inawezekana ninapanda nao daladala.

Nikarudi kwa bibi na maswali. Simu tatu, vocha imekwisha. Anasema babu alimfundisha Duke kwa bawa la kwale na kamba ile ya kwenye picha, miezi mingi, asubuhi kabla jua halijakausha umande kwa sababu harufu hukaa vizuri kwenye unyevu. Jioni alikuwa anamtoa kupe mmoja mmoja, vidole vya miguu, ndani ya masikio, chini ya mkia, akiogopa homa ya kupe. Amri zote alimpa kwa Kiswahili. Siku moja mzungu akaja na wageni, akataka kuonyesha mbwa wake, akapiga kelele kwa Kiingereza, Duke akapita katikati ya kundi la kwale akawatawanya wote. Babu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Tulia." Mbwa akaganda papo hapo. Wageni wakacheka. Bibi anasema mzungu hakucheka, na mwezi ule babu alikatwa mshahara.

Nilitegemea bibi amalizie hapo kwa kicheko. Akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kwamba mbwa yule alikuwa na posho ya nyama kila siku, ikipimwa kwenye mizani, na babu ndiye aliyeipika. Na nyumbani watoto wanne walikula ugali na maharage, nyama Krismasi. Babu hakuwahi kuleta hata kipande. Wanawake wenzake walimwambia bibi mumewe ni mjinga. Yeye pia alimwambia hivyo, kwa miaka. Duke alipokufa, babu alilia, na bibi akakasirika siku mbili hakumpikia.

"Hakuwa mjinga," nikasema.

"Sikusema hakuwa," akajibu. "Nasema alilia."

Nilitaka kuandika jina la babu hapa, kwa kirefu, na mwaka. Bibi kakataa kabisa, anasema jina la marehemu halitupwi mtandaoni watu wasiomjua wakalichezea. Picha nayo kakataza. Kwa hiyo nimeliandika kwa penseli nyuma ya picha, juu ya lile la mbwa, na picha nimeirudisha ndani ya daftari la mambo ya malisho.

Wadau wenye babu au bibi waliofanya kazi za namna hii, kwa mbwa, farasi, kuku wa kizungu, chochote, niandikieni hapo chini. Mimi kesho nina kipindi saa moja asubuhi na maji bwenini yamekatika tena. Usiku mwema.